Leo mutapika nini?

Kwetu Goma Jumamosi ina jina lingine. Wazee na matangazo ya kanisani husema siku ya posho, na kesho yake ni siku ya yenga, au siku ya Mungu. Sisi vijana tumezoea kusema samedi na dimanche, lakini tukiongea na koko tunarudi kwenye posho na yenga, kwa sababu yeye hataki kusikia lingine. Nililelewa na neno hilo, na nilifika chuo kikuu bila kujiuliza lilitoka wapi. Ndipo katika somo la leksikografia nikalikuta kwenye kamusi: posho ni chakula anachopimiwa mtu, au fedha anazopewa za kujikimu.

Historia yake si fupi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuja bara, wapagazi walipewa posho, mara nyingi kipande cha kitambaa ambacho wenyewe wangekibadilisha njiani kwa chakula. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, kampuni za migodi na mashamba makubwa ziligawa chakula kwa wafanyakazi kama sehemu ya ujira wao, na siku ya mgawo ikabaki katika kalenda ya Kiswahili cha Kongo. Mwenzetu wa Tanzania akisikia posho anafikiria pesa za kikao. Wa Kenya anafikiria mashine ya kusaga mahindi. Wa Uganda anaona ugali wenyewe ukiwa kwenye sahani. Sisi tunaona siku ya sita ya juma, siku ambayo watu wako nyumbani na sufuria kubwa inatoka mvunguni.

Hesabu ya siku nayo inatutenganisha. Pwani huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi ni ya kwanza. Sisi tunaanza baada ya yenga, na siku ya tano kwetu ni Ijumaa. Mwanafunzi mmoja wa kitivo hiki, aliyekulia Kigoma, aliagana na fundi cherehani wa Birere wakutane siku ya tano. Alikwenda Jumatano, akakuta kitambaa chake hakijakatwa, akarudi amekasirika. Fundi naye hakuelewa kwa nini mteja anakuja siku mbili kabla ya ahadi kisha anapiga kelele.

Nayaeleza haya kwa sababu kazi ninayotaka kuisimulia ilianzia kwenye neno posho, na mwanzoni niliamini ni kazi ya maneno tu.

Agosti 2025 mwalimu wetu wa semantiki alitutaka tuchague uwanja mmoja wa maana, kila mtu katika mtaa wake, tukusanye msamiati na kuueleza. Wenzangu walichagua usafiri, ndoa, mavazi, biashara ya simu. Mimi nilichagua jiko. Ninakaa Murara, katika wilaya ya Karisimbi, na sikuwa na nauli ya kwenda mbali. Nyumba za mtaa wetu nyingi ni za mbao, zimekaa juu ya mawe ya volkano, na zimekaribiana kiasi kwamba ukikaanga vitunguu, nyumba tatu zinajua. Niliona kwamba ningeweza kuimaliza kazi yote kwa miguu.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kila siku ya posho, kuanzia saa nane mchana, ningepita katika nyumba 11 nikiwa na simu ya kurekodi, baada ya kuomba ruhusa, na kuuliza swali moja: “Mama, leo mutapika nini?” Kutokana na jibu ningefuatilia majina ya vyakula, vyombo na vitendo. Nilirudia hivyo kwa majuma manne.

Mara ya kwanza walicheka sana. Kijana wa miaka ishirini na nne anayeulizia sufuria za watu ana nia gani? “Unatafuta bibi?” aliniuliza mama mmoja, na wenzake wakashikana mikono kwa kicheko. Wasomaji wa pwani wasishangae. Sikuwa natafuta nyanya wa kunilea. Bibi kwetu ni mke.

Nilipomweleza koko kwamba matokeo nitayaandika katika makala, aliniangalia muda mrefu. “Makala unaandikaka juu yake aje?” aliuliza. Kwake makala ni kile kinachowaka ndani ya mbabula, yaani mkaa, na hakuona ni karatasi gani itakayostahimili.

Msamiati ulikuja kwa wingi. Nitataja machache, kwa sababu yalinifurahisha na bado yananifurahisha.

La kwanza ni bugali. Kila mwanafunzi wa isimu ya Kibantu ameambiwa kwamba kiambishi cha ngeli ya 14 kilikuwa bu-, na kwamba Kiswahili cha pwani kiliangusha ile b kikabaki na u-: ugali, unga. Sisi tunasema bugali na bunga. Wanyarwanda wana ubugari, Wanande wana obundu, na sikio la mtu wa Kivu aliyezungukwa na lugha hizo halioni sababu ya kuiangusha b. Nilipokuwa shule ya msingi niliambiwa bugali ni kosa. Leo najua kwamba kosa hilo lina umri mkubwa kuliko usahihi wake.

La pili ni mboga. Katika nyumba zote 11, mboga ni chochote kinachosindikiza bugali, hata kama ni nyama ya mbuzi. Mama akisema “leo hatuna mboga”, huenda ana mchicha wote wa shamba lakini hana cha kuupikia. Mchicha wenyewe tunauita lengalenga, na ndio mboga ya siku za kazi, maana unaiva kabla makala hayajashika vizuri.

La tatu ni sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kwa mtu wa pwani neno hili ni kitenzi, naye atauliza kinasambazwa nini. Kwetu ni nomino, na ina bei. Samaki hawa hawakuwamo ziwani zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na sasa usiku ukisimama penye mwinuko unaona taa za wavuvi zimetandazwa juu ya maji. Mama zetu huwakaanga hadi wavunjike mdomoni, au huwatia katika mchuzi wa nyanya. Ni chakula kilichoingia mjini katika ujana wa koko, na tayari wajukuu wake wanakiita chakula cha asili.

Kuna makemba, yaani ndizi za kupika. Kuna birayi, viazi vya mviringo vinavyoshuka kutoka vilimani. Kuna makayabo, samaki mkavu wa chumvi anayelowekwa tangu asubuhi. Na juu ya yote kuna sombe.

Kamusi zinataka niseme kisamvu. Kinshasa watasema pondu. Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na ule muda mrefu si wa anasa, kwa kuwa majani mabichi yana sumu ambayo lazima itolewe kwa kutwanga na kuchemsha. Ndiyo sababu sombe ni chakula cha siku ya posho. Siku ya kazi hakuna mtu wa kukaa kando ya mbabula alasiri nzima, wala hakuna makala ya kutosha. Makala ya Goma hutoka katika misitu inayouzunguka mji, mengine katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo kuyachoma kumekatazwa. Huja kwa malori, kwa migongo ya watu na kwa chukudu, na kila anayeyashika njiani anaongeza chake. Maji nayo yanahesabiwa. Mji umekaa juu ya mwamba wa lava, mvua inapotea chini, visima hatuna, kwa hiyo bidoni hupanda kutoka ziwani. Anayepika sombe anatumia majani ya bei ndogo, na moto na maji ya bei kubwa.

Kwa hiyo nilipoona jibu la sombe likijirudia sikushangaa. Kufikia juma la tatu nilikuwa na sentensi tayari kichwani: katika Murara, chakula cha jioni ya siku ya posho ni bugali na sombe, katika nyumba tisa kati ya 11. Ilikuwa sentensi nzuri. Niliipenda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasomaji wanalijua lakini ripoti yangu haikulisema. Mwishoni mwa Januari mwaka ule vita viliingia mjini na M23 ikauchukua mji. Benki zilifungwa. Uwanja wa ndege ulifungwa. Waliokuwa na mshahara wa serikali au wa mashirika walibaki na kitabu cha benki na mlango uliofungwa. Noti zilizobaki zilizunguka mkono kwa mkono mpaka zikachakaa, na wauzaji wakaanza kuzikataa. Mtaani kwetu waliokuwa wanalipwa na waliokuwa wanauza walianguka pamoja, kwa sababu wa pili walikuwa wanaishi kwa pesa za wa kwanza. Mimi nilikuwa ndani ya hali hiyo, nikila chakula cha hali hiyo. Lakini nilipochukua daftari nilijiona mtafiti, na mtafiti ana swali moja lililoandikwa juu ya ukurasa.

Siku ya posho ya tatu niliingia kwa mama wa nyumba ya nyuma yetu. Ananijua tangu nikiwa mgongoni. Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka na lava ikakata mji hadi ziwani, yeye na mama yangu walikimbilia Gisenyi pamoja, mama akiwa na mimi mgongoni, yeye akiwa na sufuria za nyumba zote mbili kichwani. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila mara idadi ya sufuria inaongezeka.

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagi machache juu ya ungo.

“Mama, leo mutapika nini?”

Hakucheka. Alitulia kidogo, akajibu, “Siku ya posho sisi tunapikaka sombe na makayabo.”

“Na bugali ya muhogo?”

“Tunachanganyaka. Muhogo na mahindi.”

Nikashukuru, nikazima simu, nikaweka alama: nyumba ya saba, sombe, makayabo, bugali mchanganyiko. Nikaenda ya nane.

Jioni, mtoto wake mdogo wa kike alikuja kwetu na kipande cha bati kuomba moto. Hilo ni la kawaida. Kiberiti kinagharimu, na makala yanayowaka ya jirani huokoa muda. Mama yangu alikuwa anamchagulia vipande vyenye moto mwekundu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, daftari bado liko gotini, na kwa mazoea tu, bila nia mbaya yoyote, nikamuuliza mtoto, “Mama anapika nini?”

“Mayi,” akasema.

Yaani maji. Alisema kama vile mtu anavyosema jina lake akiulizwa. Akapokea moto wake, akaondoka kwa uangalifu asiangushe kaa.

Mama hakunisemesha. Aliinuka, akafunua sufuria yetu, akaangalia ndani kwa muda. Akachukua sahani ya kina, ile yenye maua ya bluu ambayo hutoka kwa wageni tu, akaijaza bugali na lengalenga, akaifunika. Akamwita mdogo wangu. “Peleka kule nyuma. Sema hivi: mama anasema muonje, anaogopa chumvi haitoshi. Sema hivyo hivyo. Usiongeze neno.”

Mdogo wangu akaenda akilirudia njiani, ili asilipoteze: chumvi haitoshi, chumvi haitoshi.

Usiku, wengine walipolala, mama aliniambia, “Ile swali yako usiulizaka tena hivyo.” Nilijitetea. Nikamwambia ni kazi ya chuo, kwamba swali ni la maneno, si la mambo ya watu. Akasema, “Mutu akikuuliza leo utavaa nini na hauna nguo, ile ni swali ya maneno?” Kisha akazima taa.

Ningependa kuandika kwamba usiku ule nilielewa. Sikuelewa. Niliona huruma na aibu, lakini nikaona pia kwamba jirani alikuwa amesema sombe, na nimerekodi sombe, na data ni data. Juma la nne niliuliza tena katika nyumba zote, ila nyumba ya saba nilipita mbali. Kisha nikaandika ripoti, na ile sentensi yangu nzuri ikasimama mahali pake: nyumba tisa kati ya 11. Nyumba ya saba ilikuwa moja ya zile tisa.

Ripoti ilirudi baada ya siku kumi. Alama hazikuwa mbaya. Katika ukurasa wa nne, kando ya jedwali la mifano, mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: “Umeuliza kwa -ta-. Wengi wamejibu kwa -aka. Kwa nini?”

Wale ambao hawajasikia Kiswahili chetu, nieleze. Pwani mazoea husemwa kwa hu-: watu hupika, mimi hula. Sisi hatuna hu- hiyo katika mazungumzo. Tunatia kiambishi mwishoni mwa kitenzi: tunapika ni sasa, tunapikaka ni kila mara. Kilingala kina -aka hiyohiyo, Kinyarwanda kina -aga, na hata Tanzania watu wa kanda ya Ziwa husikika wakisema anapendaga, anakujaga. Wataalamu wa Kibantu hukirudisha kiambishi hiki nyuma sana, kwenye *-ag- ya lugha mama. Katika kitabu cha Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose kuhusu Kiswahili cha Kivu, kilichotoka mwaka 2016, mtu anaweza kuona sarufi hii ikichukuliwa kama sarufi, si kama makosa yanayongoja kusahihishwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika aya nzima ya sifa kuhusu -aka katika ripoti ileile. Nilikuwa nimekieleza kiambishi na sikukisikiliza.

Nilirudi kwenye rekodi, zote, nyumba kwa nyumba, nikiwa na vipokea sauti masikioni. Swali langu lilikuwa moja: leo mutapika nini. Lina leo, lina -ta-. Jibu linalolingana nalo ni tutapika kitu fulani. Katika Kiswahili chetu hakuna ugumu wowote kusema tutapika. Tunalisema mchana kutwa. Lakini katika juma la tatu ni nyumba nne tu zilizojibu hivyo. Mmoja alisema, “Leo? Tutapika birayi na sambaza, baba yao amepata kidogo.” Mwingine alisema, “Tutapika lengalenga tu, papa, usiandike.” Zilizobaki zilijibu: tunapikaka. Siku ya posho tunapikaka. Sisi tunakulaka. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kila aliyeniambia anapikaka sombe siku ya posho alisema kweli tupu. Kwa miaka alikuwa amepika sombe siku ya posho. Niliuliza kuhusu jioni ile, nao wakanijibu kuhusu maisha yao. Mlango walioutumia kutoka ulikuwa na upana wa silabi moja, na kwa heshima waliniacha nidhani nimejibiwa.

Wengi wetu tumesoma kuhusu kanuni za mazungumzo, kwamba msikilizaji hutarajia jibu lilingane na swali, na lisipolingana hutafuta sababu. Mimi nilipata jibu lisilolingana mara saba kwa siku moja na sikutafuta. Nadhani ni kwa sababu jibu lilikuwa linanifaa. Sombe ni neno zuri katika ripoti. Maji si neno la lahaja.

Rekodi ya mwisho niliyosikiliza ilikuwa ya kwanza kwa namba. Nyumba ya kwanza ni yetu. Nilianzia nyumbani kila juma, kujaribu simu, na majibu ya mama sikuwa nimeyafikiria kabisa, maana nilidhani nayajua. Ni rekodi fupi. Inasikika sauti yangu, ya mtu anayejiamini: “Mama, leo mutapika nini?” Kisha mfuniko unagusa sufuria. Kisha sauti yake: “Siku ya posho tunapikaka sombe.”

Hiyo ni siku ya posho ya tatu. Jioni ile tulikula lengalenga bila mafuta. Nimeshalisema hapo juu, na huenda msomaji aliliona kabla yangu. Nilikuwa nimekaa mbele ya sahani yangu, na katika daftari lililokuwa karibu na sahani hiyo nimeandika: nyumba ya kwanza, sombe. Na bugali iliyokwenda nyuma kwenye sahani ya maua ya bluu, sasa nikihesabu sufuria ile na watu wa nyumba ile, najua ilikuwa ya nani. Mama alisema jioni ile kwamba amekula kanisani, kulikuwa na kikao cha akina mama. Sikuuliza kikao gani.

Nilipeleka ripoti ya pili. Jedwali sasa lilikuwa na safu mbili, kinachopikwaka na kilichopikwa, na katika safu ya pili niliacha nafasi tupu mahali ambapo sina haki ya kujaza. Mwalimu alinikubalia nafasi tupu. Akaniuliza tu kama nimeomba ruhusa ya kusimulia ya nyumba ya saba, endapo nitataka kuyaandika mahali pengine. Nilikuwa sijaomba.

Nilimwendea jirani siku ya yenga, baada ya misa, bila simu mkononi. Nilimwambia kwamba nataka kuandika katika jarida la kitivo, na kwamba ndani yake mna siku ile ambayo mtoto alikuja kuomba moto. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa tayari anikatalie.

“Utatia jina yangu?”

“Hapana, mama.”

“Basi andika. Lakini andika pia namna ya kupika. Wasiseme ni mama mwenye hajui sombe.”

Akanieleza, nami nikayaandika kwenye karatasi kama alivyoyasema, na hivi ndivyo yalivyo:

“Unachaguaka majani ya vijana, ile ya juu juu, si ile yenye imezeeka. Unatwangaka mupaka inalainika. Unatiaka mu sufuria na mayi mingi, unaachaka inachemka bila kufunika, juu ile sumu itoke. Hapo mutu asikuharakishe. Kisha unatiaka puaro, na kitunguu, na mbilingani, na pilipili mubichi kama watoto si wadogo. Mawese unatiaka wakati mayi inapungua, si mbele, juu ukitia mbele inabaki ku sufuria. Makayabo unalowekaka tangu asubui, unamwangaka mayi yake mara mbili, unavunjavunjaka, unaingizaka ndani. Chumvi unatiaka nyuma ya yote, juu makayabo iko na chumvi yake.”

Vitenzi karibu vyote vina -aka, kama inavyopasa. Ndivyo anavyopikaka.

Nilipoinuka kuondoka aliingia ndani, akatoka na sahani ya maua ya bluu. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ndani yake kulikuwa na pilipili tatu nyekundu, kwa sababu sahani ya mtu hairudi tupu. Ilikuwa imekaa kwake majuma yote hayo, nadhani ikingoja apate cha kutia.

“Mwambie mama,” akasema, “chumvi ilitosha.”